Muulize Fundi Rangi: Kadi Mbili Ukutani kwa Mwalimu

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Sakina hapa Arusha. Mimi na mume wangu tumejenga kidogo kidogo kwa miaka sita, na sasa sebule imeshapigwa skimu, ile lipu nyeupe ya kulainisha ukuta, imebaki rangi. Hapo ndipo tulipokwama. Yeye anataka kijivu, kile kilichopauka chenye ubluu kwa mbali, alichokiona kwenye picha za nyumba katika simu. Mimi nataka krimu inayoelekea kwenye chai ya maziwa. Yeye anasema krimu ni rangi ya nyumba za wastaafu. Mimi nasema kijivu chake ni rangi ya zahanati. Tumebandika kadi mbili za dukani ukutani kwa selotepu, leo ni wiki ya tatu, na kila mgeni akija lazima apige kura kabla ya kuletewa chai. Hadi sasa ni saba kwa saba. Sebule ni mita 5 kwa 4, kwenda juu mita 2.8. Dirisha kubwa linatazama Mlima Meru, dogo linatazama migomba ya jirani. Sakafu ni taili nyeupe, makochi ya kahawia. Tuamulie.
*Mwalimu, Sakina, Arusha*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla hujaendelea kusoma, inuka ukabandue hizo kadi. Wiki tatu mmekuwa mkipigia kura vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kiberiti, tena vimebandikwa juu ya skimu nyeupe inayovimeza. Rangi ikiwa kadogo namna hiyo hudanganya. Ukiipaka kuta nne, kuta zenyewe zinatazamana na kurushiana rangi, na kile ulichokiona kimepauka kwenye kadi kinakolea hadi unashangaa. Halafu rangi ya maji ikikauka huzidi kukoza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Kwa hiyo kura zote kumi na nne zimeharibika. Uchaguzi unarudiwa.

Sasa nikusimulie aibu yangu, maana ndiyo iliyonifundisha jibu lako.

Mimi makazi yangu ni Majengo, Moshi, lakini Arusha ni kama kilomita 80 tu na kazi nyingi nimezipata huko. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, niliitwa Njiro kupaka sebule ya mama mmoja aliyekuwa amestaafu. Alitaka kijivu chenye ubluu, ndugu kabisa wa hicho cha mume wako. Jua lilikuwa linawaka, madirisha yamefunguliwa, na ile rangi ilivyotulia ukutani hata mimi niliisifia. Nilisimama mlangoni na rola mkononi nikasema, mama, hapa umechagua. Nikalipwa, nikapewa na ndizi za kupeleka nyumbani.

Mwezi wa Julai simu ikaita. "Fundi, njoo uone ulichonifanyia."

Nilishuka stendi nimevaa koti na bado natetemeka. Meru ulikuwa haujaonekana siku ya tatu. Nikaingia ile sebule saa nane mchana, nikamkuta mama amejifunga blanketi juu ya kitenge, taa zimewashwa, na zile kuta, Mungu anisamehe, zilikuwa kama ndani ya friji la bucha. Akaniambia wageni wake siku hizi wanasalimia wamesimama, wanaaga. Nikaona haya. Yeye alinunua rangi nyingine, mimi nikarudia kazi bila kudai hela ya ufundi, kwa sababu kosa lilikuwa langu: niliipima nyumba ya Arusha kwa jua la Januari.

Sasa tuje kwako. Dirisha lako kubwa linatazama Meru. Ukiwa Sakina, Meru uko kaskazini, umeegemea mashariki kidogo. Ushauri mwingi wa rangi unaosambaa kwenye simu umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao wanasema chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua. Kwao ni kweli. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, na jua letu linahama upande. Kuanzia kama katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la mchana linapita upande wako wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, linapita upande wa kusini, nyuma ya nyumba yako.

Utasema, basi vizuri, miezi ya baridi jua liko dirishani kwangu. Ndivyo ingekuwa kama Arusha isingekuwa Arusha. Wewe unaijua Juni hadi Agosti ya huko kuliko mimi: asubuhi wingu limekaa kichwani kama sufuria, watoto wanakuja shule wamevaa masweta mawili, na jua likijitokeza ni alasiri, wakati huo limeshahamia upande wa magharibi. Kwa hiyo jua linalokuelekea linazibwa na wingu, na wingu likiondoka, Desemba na Januari, jua lenyewe limeshahama. Hapo bado hatujahesabu bati la baraza, kama lipo, ambalo mchana jua likiwa juu linakata kinachobaki.

Dirisha lako basi linapata mwanga mwingi mwaka mzima, ila mwanga wa anga, si wa jua lenyewe. Na mwanga wa anga una ubluu ndani yake. Ukutane na taili nyeupe, ambazo zinaurusha juu ukutani kama kioo, kisha ukutane na kijivu chenye ubluu, hayo ni mambo matatu ya baridi katika chumba kimoja. Ndiyo friji la bucha lenyewe.

Lipo pia dirisha dogo. Watu husahau kwamba migomba nayo inapaka rangi. Jua likipiga kwenye majani, kijani kinaingia ndani na kulala kwenye ukuta unaolikabili dirisha. Kijivu chenye ubluu kikipokea kijani hicho kinakuwa kama maji ya bwawa. Lakini hata krimu yako, mwalimu, haijapona. Krimu iliyoegemea manjano, ile ya siagi, ikipata kijani inageuka kama parachichi lililokatwa jana. Unayoitaka ni krimu iliyoegemea wekundu wa udongo, kwa sababu wekundu na kijani huuana. Kwa hiyo uliposema chai ya maziwa ulisema neno zuri, shikilia hapo hapo. Ila kwa kuwa makochi ni kahawia, usiikoleze, chumba kisije kikaonekana kama ndani ya chungu. Iwe chai ya mtoto, maziwa mengi, majani machache.

Nimekupa ushindi, lakini usiende kumcheka mume wako. Kwanza, krimu ina vituko vyake. Usiku, chini ya balbu za mwanga wa njano, krimu ya siagi inakuwa samli kabisa. Na kijivu kinaficha alama za mikono ya watoto karibu na swichi kuliko krimu, hilo nalishuhudia kila ninapoitwa kurudia nyumba ya watu. Pili, si kila kijivu ni cha baridi, na hapa ndipo ninapotaka nyote wawili mkae kitako.

Mimi nimeanza kazi hii mwaka 1984, nikimbebea mjomba ngazi. Wakati ule rangi ya nyumba nyingi ilikuwa chokaa. Mjomba alikuwa ananituma dukani nikalete chumvi na bluu ya kufulia, ile ya kutia kwenye mashuka meupe. Chumvi ilikuwa ya kusaidia chokaa ishike ukutani. Bluu alikuwa anaifunga kwenye kitambaa, anaichovya kwenye pipa mara mbili tatu, anakoroga, anatazama. Akizidisha anatukana. Ile chokaa haikuwa bluu, ungeulizwa ungesema nyeupe, lakini ilikuwa nyeupe ya ubaridi inayomeremeta juani. Nyumba ya pili, mwenyewe akitaka upole, mjomba anatia udongo mwekundu uliochekechwa, kijiko tu. Nayo ungesema nyeupe. Ukizisimamisha hizo nyumba mbili pamoja, moja inakufukuza, nyingine inakuita. Joto na ubaridi wa rangi mara nyingi uko kwenye kile kijiko, kuliko kwenye jina lililoandikwa kwenye kopo.

Kwa hiyo chukueni kadi ya kijivu cha mume wako, iwekeni juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia, ile ya rimu, nje ya mlango mchana. Kando ya weupe ule kijivu kinatoa siri yake: kingine kina bluu, kingine kijani, kingine zambarau, na kipo chenye udongo ndani, kama majivu yaliyomwagikia barabara ya vumbi. Hicho cha mwisho kinakaa Arusha bila ugomvi. Mwambieni muuza rangi anayechanganya kwa mashine kwamba mnataka kijivu chenye udongo, si chenye bluu, na mtashangaa jinsi kinavyokaribiana na chai yako iliyozidishwa maziwa. Mnaweza kukuta mlikuwa mnagombania nyumba mbili zilizo jirani.

Kuhusu zile picha za simu: kamera ya simu inajirekebishia rangi yenyewe, inaondoa ubluu au unjano ili picha ipendeze. Ukuta ulioko kwenye picha ile huenda hata mwenye nyumba hajawahi kuuona kwa macho yake.

Halafu kuna balbu, na kwa kweli barua yako haikuitaja kabisa. Sebule inakaliwa usiku kuliko mchana. Ukienda dukani ukasema nipe balbu, mara nyingi utapewa ile nyeupe kali, na kwenye boksi imeandikwa 6500K. Hiyo ni nyeupe ya bluu, inafaa dukani na kwenye banda la kuku. Ukiona 2700K au 3000K, huo ni mwanga wa njano, karibu na ule wa balbu za zamani. 4000K iko katikati. Namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyozidi kuwa wa baridi, na hili huwachanganya watu wengi kwa sababu wanadhani namba kubwa ni moto mkubwa. Nunueni balbu mbili za 3000K kabla hamjanunua hata kopo moja la rangi. Nimeona ndoa zikitulia kwa balbu tu.

Sasa uchaguzi wa marudio. Wewe ni mwalimu, manila unazo. Chukua mbili kubwa, nunueni kikopo kidogo cha kila rangi, pakeni mikono miwili, yaani mara mbili, hadi pembeni kabisa, msiache ukingo mweupe. Zikikauka, zisimamisheni nyuma ya kochi, zishusheni hadi ziguse taili, zipelekeni ukuta unaokabili migomba. Zitazameni saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwaka. Na msiamue siku ya jua. Subirini siku ile wingu limekaa. Rangi inayokufurahisha siku hiyo haitakusaliti siku nyingine.

Kuna neno moja la kuwaonya. Msije mkasuluhishana kwa kugawana kuta, tatu za mke na moja ya mume. Najua ni mtindo. Lakini ukuta mmoja wa kijivu baridi katikati ya krimu huonekana kama rangi iliishia njiani na fundi akakimbia na chenji. Kama kuna chumba dirisha lake linapokea jua la jioni, mpeni mume wako kijivu chake huko. Jua la magharibi litakipasha.

Vipimo nimewapigia: mzunguko mita 18 kwa mita 2.8 ni kama mita za mraba 50, toa madirisha na mlango zinabaki kama 42. Mikono miwili ni 84. Lita moja kwenye ukuta laini inakwenda kama mita za mraba 10, kwa hiyo lita 8 na kitu. Skimu mpya inakunywa rangi, msidanganyane, nunueni galoni tatu za lita 4 kwa siku moja, zimimineni zote kwenye ndoo moja na mkoroge, ili pasiwe na ukuta uliotofautiana na mwenzake. Kitakachobaki fungeni vizuri mkitunze pamoja na karatasi ya namba za mchanganyiko, kwa ajili ya ile mikono ya watoto.

Na hilo sweta usilitupe. Rangi ya ndani haipandishi nyuzi joto hata moja. Inabadilisha tu jinsi unavyojisikia ukikaa.

SWALI: Shikamoo babu. Nimepanga chumba Pasua, Moshi. Dirisha linatazama magharibi na mpangaji aliyetoka alipaka rangi ya embe bivu. Februari hii nilikuwa nalala mlangoni. Nikipaka bluu ya kupauka chumba kitapoa? Mama yangu anasema bluu italeta mafua.
*Kijana, Pasua, Moshi*

JIBU: Marahaba kijana wangu. Msalimie mama, mwambie mafua hayaletwi na kopo la rangi. Lakini na wewe usilitegemee kopo hilo kukupoza. Joto lako linatoka kwenye bati juu ya kichwa na kwenye jua la saa kumi linaloingia dirishani. Pazia zito la rangi ya kung'aa, silingi bodi kama mwenye nyumba atakubali, na tundu la hewa la juu lisizibwe na gazeti. Hayo ndiyo ya kwanza.

Ila kwa macho, uko sahihi kabisa, na hapa naipa ushindi rangi ya baridi bila kusita. Moshi iko chini kuliko Arusha, joto lake unalijua, na jua la jioni lina wekundu. Likikuta rangi ya embe, chumba kinawaka kama tanuri la matofali. Bluu ya kupauka au kijani cha majani machanga kitaupokea ule wekundu na kuutuliza. Nilichomkataza mwalimu wa Sakina nakiruhusu kwako, msione kama nina maneno mawili. Madirisha ndiyo mawili.

Usipake bluu moja kwa moja juu ya embe. Embe itapenya kutoka chini na utapata rangi ya maji ya kufulia. Piga msasa, futa vumbi, pitisha mkono mmoja wa nyeupe ya kuzibia, ndipo bluu mikono miwili. Na mwulize mwenye nyumba kwanza, tena akujibu kwa ujumbe wa simu uutunze. Mimi nimeshaona mtu anapaka vizuri, kodi inapandishwa kwa sababu chumba kimependeza.

SWALI: Fundi, habari za siku. Miaka minne iliyopita nilipaka milango na kabati la jikoni nyeupe ya mafuta, nyeupe ile kali yenye ubaridi. Sasa nikisogeza kalenda mlangoni naona chini yake ni njano, na ndani ya kabati ndiyo usiseme. Nje ya kalenda bado ni nyeupe. Ni moshi? Mimi napikia gesi.
*Mama wa Marangu*

JIBU: Nzuri, dada yangu, pole na jiko. Ingekuwa moshi, nje ya kalenda ndipo pangechafuka kwanza. Nyeupe ya mafuta ina tabia ya kugeuka njano ikikosa mwanga. Pale jua linapofika hubaki nyeupe, gizani hunywea na kuwa krimu yenyewe bila kuombwa. Unaweza kuijaribu: ondoa kalenda, acha mlango ukipata mwanga wiki kadhaa, utaona unjano unapungua.

Ukirudia, tumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na vyuma, haina tabia hiyo. Piga msasa hadi mng'ao wote uishe, la sivyo itabanduka kama ganda la kitunguu. Ndani ya kabati mimi ningeacha hivyo hivyo. Sufuria hazijalalamika.